Muulizeni Baba mwenyewe

Wageni wengi wanaokuja kumjulia hali Baba huanza vizuri. Wanapiga hodi, wanavua viatu barazani, wanamwamkia, wanampa mkono. Wakishakaa kwenye jamvi, wananigeukia mimi. "Anakula?" "Usiku analala?" "Haja anakwendaje?" Na Baba yupo hapo hapo kwenye kiti chake, anasikia kila neno, macho yanatoka kwa mgeni yanakuja kwangu, yanarudi kwa mgeni. Halafu linakuja lile swali linalonichoma: "Lakini anatutambua kweli?"

Anakutambua. Anakujua wewe, anamjua marehemu baba yako, anajua mlikuwa mnakaa barabara ya ngapi hapa Ngamiani, Tanga, kabla hamjahama. Alichopoteza ni njia ya maneno kutoka kichwani kuja mdomoni. Naandika haya kwa yeyote mwenye mzazi au jirani wa namna hii, kwa sababu kiharusi kilimwumiza Baba mara moja, na sisi tunaomzungumzia mbele yake kana kwamba ameshaondoka tunamwumiza kila siku.

Ilimpata baada ya sala ya alfajiri. Mkono na mguu wa kulia vililegea, mdomo ukaenda upande, na alipotaka kusema yakatoka maneno yasiyoshikika. Shangazi alitaka tumpe maji ya kunywa kwanza. Mdogo wangu akakataa, na alikuwa na haki, maana mtu aliyepigwa na kiharusi huenda koo lake halimezi sawasawa, na maji hayo yakaingia kwenye mapafu. Wapo waliosema ni upepo mbaya, wapo waliosema ni mkono wa mtu. Hospitali picha ya CT-scan ikaonyesha mshipa ulioziba upande wa kushoto wa ubongo. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu za mwanzo, na ni hospitali chache zenye uwezo huo. Kwa hiyo ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno yanamtatiza mtu ghafla, mpakie kwenye chombo cha kwanza kitakachopita. Mabishano ya jini au presha yafanyieni njiani.

Presha Baba alikuwa nayo kwa miaka. Dawa alimeza siku kichwa kikimuuma, zikimalizika basi. Wazee wengi wa rika lake ndivyo wanavyofanya, na siwalaumu, kwa sababu presha mara nyingi haiumi popote mpaka siku hiyo. Sasa vidonge vyake vinakaa kwenye kisanduku chenye vyumba saba, na anavifuata mwenyewe kila asubuhi.

Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi lugha nayo inakaa huko huko. Ndiyo maana wengi waliopooza kulia hukwama maneno pia. Hali hiyo inaitwa afasia. Mwaka 1861 daktari wa Paris aliyeitwa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka zaidi ya 20 hakuweza kutamka ila "tan". Aulizwe lolote, jibu ni tan, tan. Lakini sehemu kubwa ya aliyoambiwa aliielewa, na akiulizwa idadi alijibu kwa vidole. Alipofariki, Broca akakuta ubongo umeharibika upande wa kushoto, kwa mbele. Nilisoma habari hiyo usiku, Baba amelala chumba cha pili, nikalia. Nilikuwa nimempata mtu mwingine aliyekuwa mahali alipo baba yangu.

Neno la Baba ni "ile ile". Akitaka maji, ile ile. Akitaka redio izimwe, ile ile. Akikasirika ni ile ile kwa sauti ya juu, na akimwona mjukuu anacheka ni ile ile laini ya kumbembeleza mtoto. Ukikaa naye siku mbili unaanza kuisikia sauti, na sauti inabeba mengi.

Kisha kuna maneno yaliyosalimika bila kuguswa. Kila asubuhi nikiingia chumbani nikasema, "Shikamoo Baba," linatoka "Marahaba" safi kabisa, zito, la mwenye nyumba. Mara ya kwanza hospitali nilimwita nesi aje asikie. Akanieleza kwamba yale mtu aliyoyasema maisha yake yote bila kuyafikiria, kama salamu, sala, kuhesabu moja mbili tatu, mara nyingi hubaki hata kama maneno ya kutunga yameondoka. Fatiha Baba anaisoma mpaka mwisho. Ukimkatiza katikati, hawezi kuendelea pale alipoishia, lazima aanze upya. Hesabu vilevile. Ukimuuliza wajukuu wake ni wangapi, hawezi kulitamka "tano" peke yake. Anaanza moja, mbili, tatu, nne, akifika tano anasimama na kukutazama.

Nikimwona anahesabu hivyo namkumbuka kazini. Baba alikuwa karani wa bandari hapa Tanga, enzi ambazo meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali, kwa sababu gatini maji hayakuwa na kina cha kutosha, na mzigo unapakiwa na kushushwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Yeye alikuwa na daftari na penseli sikioni, anahesabu marobota ya katani yakipita mbele yake. Nilipokuwa mdogo alinipeleka mara moja nikamwona. Watu wanabeba, wanaimba, wanatukanana, yeye hatikisiki, penseli inakwenda.

Wataalamu wa kufundisha watu kusema upya baada ya kiharusi ni wachache sana nchini, na sisi hatujampata wa kumwona kwa mfululizo. Tulichofundishwa na manesi na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndicho tunachofanya nyumbani. Redio na televisheni zinazimwa kabla ya kuzungumza naye. Swali moja kwa wakati, na baada ya swali, kungoja. Kungoja huku ndiko kugumu kuliko kunyanyua mwili wake. Unamwona mdomo unatafuta, mkono unapapasa hewani, na neno unalo wewe, unatamani umtupie. Ngoja. Mara nyingine linakuja. Mwezi uliopita lilikuja "chumvi", baada ya kimya kirefu mpaka shangazi akaanza kuinuka. Chumvi! Tulishangilia watu wazima sisi.

Halafu "ndiyo" na "hapana". Hili ningependa watu wote walijue. Mwenye afasia anaweza kusema "ndiyo" huku akimaanisha "hapana", na anaweza asitambue kwamba limetoka lingine. Watu wanamuuliza "Umeshiba?" anasema "ndiyo", sahani inaondolewa, anaanza kupiga meza, wanasema mzee kabadilika, amekuwa mkali. Njaa inamuuma! Sisi tunatumia dole gumba la kushoto: juu ndiyo, chini hapana. Jambo likiwa kubwa tunamuuliza mara mbili, mara ya pili swali tunaligeuza. "Tufunge dirisha?" Kisha, "Tuliache wazi?" Majibu yakipatana, tumeelewana.

Kazi ya mikono ninaigawana na mdogo wangu wa kiume anayeendesha bodaboda. Mama alishatangulia mbele ya haki, na mimi ni binti. Kumwogesha Baba ni kazi ya mdogo wangu, asubuhi kabla hajaenda kijiweni, na jioni. Wiki ya kwanza nyumbani, mdogo wangu akiwa na homa, nilibeba beseni mwenyewe. Baba aliishika kanga niliyomfunika kwa mkono wake mzima akaing'ang'ania, akanitazama. Niliweka beseni chini nikaenda kumwita kijana wa jirani. Kuna watu walioniambia kwamba mgonjwa hana aibu. Baba anayo, na stara yake ni mali yake, ugonjwa haukuichukua. Pampasi za wakubwa tulizitumia mwanzoni tu. Mdogo wangu alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu katikati, akakiweka juu ya choo, akagonga mbao ukutani ya kushikilia. Siku Baba alipofika chooni kwa mguu wake, mkono mmoja begani kwa mwanawe, alirudi amenyoosha mgongo.

Yapo mambo madogo ambayo hakuna aliyewahi kutufundisha kabla, nayaandika hapa kwa kuwa yanaokoa maumivu mengi. Shati unaanza kumvika mkono uliopooza, na kumvua unaanza na mkono mzima. Usimwinue kwa kumvuta mkono ule mbovu, bega lililolegea linatoka mahali pake na hapo mateso yanaanza mapya. Akiwa hawezi kujigeuza kitandani, mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, uangalie visigino na kiuno, maana ngozi ikianza kuwa nyekundu bado unaweza kuiokoa. Kula ni kwa kukaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na asilale mara tu baada ya kula. Chai nyepesi ilikuwa inampalia, uji mzito ulipita vizuri. Fimbo anaishika kwa mkono mzima. Ngazi akipanda unatangulia mguu mzima, akishuka unatangulia mguu mbovu.

Shangazi, dada yake Baba, anakuja kila Ijumaa na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi. Baba anampenda ng'onda toka utotoni, na ng'onda ni chumvi tupu. Tulikuwa tunazozana mimi na shangazi jikoni, yeye akisema, "Mwanangu, mwache kaka yangu ale kidogo, ana raha gani nyingine?" nami nikisema habari za presha. Mpaka siku moja nikavibeba vyote viwili nikaviweka mbele ya Baba, kipande cha ng'onda na mashine ya kupimia presha, nikamweleza kama ninavyomweleza mtu mzima, kwa sababu ni mtu mzima. Alifikiri. Akauchukua ule mkono wangu, akauelekeza kwenye bakuli la maji. Aloweshwe. Sasa ng'onda analoweshwa tangu usiku, maji yanabadilishwa, na anakula kipande kidogo Ijumaa. Kidole gumba juu.

Wanaosema akili zake zimekwenda nawakaribisha jioni kwenye baraza letu wacheze naye bao. Ni bao la kiswahili, safu nne za mashimo manane, mashimo 32, komwe 64, yaani mbegu za kuchezea. Ukianza kunamua, ile hatua ya kwanza ya mchezo, una komwe kumi tu ubaoni, sita kwenye shimo kuu liitwalo nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 ziko mkononi unaziingiza moja moja. Mkono wa kulia wa Baba haushiki, kwa hiyo akiba yake tunaiweka kwenye bakuli, anasambaza kwa kushoto. Polepole, komwe nyingine zinaanguka, watoto wanaziokota. Lakini anapanga. Mchezaji wa bao anatakiwa aone komwe zake zitaishia shimo gani kabla hajagusa, zimekula wapi, zimezunguka wapi, nyumba aiache ilivyo au aisambaze. Rafiki yake mmoja, aliyekuwa naye bandarini, mwanzoni alikuwa anamwachia. Baba aligundua, akazikusanya komwe zote akazirudisha kwenye bakuli, akakunja mikono. Tangu siku hiyo wanachezeana kweli kweli, na mzee yule anaondoka amefungwa mara nyingi kuliko alivyofunga.

Rafiki huyo nampenda kwa jambo lingine. Anakuja na habari. Anakaa anamsimulia Baba meli iliyoingia, nani kaoza binti, bei ya samaki sokoni, jinsi gati lilivyoongezewa kina siku hizi na meli zinafunga ukutani kabisa. Haulizi maswali mengi. Baba anajibu ile ile, ile ile, na mzee anasema, "Hasa! Ndivyo nilivyowaambia." Anakaa mpaka magharibi. Wagonjwa wengi hutembelewa sana mwezi wa kwanza, halafu watu wanaogopa kimya, hawaji. Si lazima mgonjwa azungumze. Njoo uzungumze wewe.

Ramadhani ilipokaribia, Baba alionyesha anataka kufunga. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaonyesha jua, akaonyesha juu. Daktari alikuwa ameshasema dawa zake na hali yake haviruhusu, na nilimweleza, akakataa. Ndipo nikaenda kumwita imamu wa msikiti wetu. Nilitaka kumsimulia yote pale mlangoni. Akasema, "Subiri, nitaongea na mzee." Akaketi goti kwa goti naye. Akamwambia, "Sheikh wangu, Mwenyezi Mungu ametupa ruhusa, mwenye ugonjwa wa kudumu hutoa fidia, hulisha maskini kwa kila siku. Unaridhika?" Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu na hakunitazama hata mara moja. Baba machozi yalimtoka. Baadhi ya wenye kiharusi hutokwa na machozi kwa urahisi, hata kwa furaha, lakini haya niliyajua ni ya uchungu. Mwisho akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akagonga gonga. Imamu akaelewa kabla yangu: fidia itoke kwenye pensheni yake mwenyewe, isitoke kwa watoto.

Ikabidi twende benki. Pale dirishani karani aliniuliza mimi kiasi cha kutoa, kisha akashusha sauti, "Mzee ana akili zake lakini?" Nikamwomba kalamu. Baba akaivuta fomu, akaandika 150,000 kwa mkono wa kushoto, tarakimu zimeinama, sifuri zote zimo, akaweka na ile alama ya mkwaju na mstari (/-) aliyozoea kuiweka mwisho wa hesabu zake za bandarini. Dole gumba la kushoto likapigwa wino. Karani yule aliomba radhi, na radhi alimwomba Baba, akimwita baba. Nilishukuru.

Jambo kubwa limekuja juzi. Kaka yetu mkubwa alishuka kutoka Dar es Salaam, baba mdogo akaja, shangazi akaja, tukakaa kikao. Hoja zilikuwa mbili: Baba ahamie Dar kwa kaka ambako hospitali ni nyingi, na shamba la machungwa la Muheza liuzwe, kwa sababu gharama zimetuelemea wote. Kaka hakuwa na nia mbaya. Ndiye anayetuma fedha kila mwezi, na ana watoto shuleni. Lakini mazungumzo yalikwenda mpaka chai ikapoa, Baba amekaa katikati yetu, hakuna aliyemtupia swali.

Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa, neno moja kila karatasi, kwa sababu maneno mafupi anayasoma: TANGA. DAR. KUUZA. KUTOUZA. Nikazipanga juu ya jamvi mbele ya miguu yake. Shangazi akasema tunamtesa. Nikamwambia, "Baba, haya ni mambo yako. Hakuna haraka."

TANGA aliichukua bila kufikiri, akaibana pajani. Nikamuuliza kwa kugeuza, "Uende Dar?" Dole chini. "Ubaki hapa?" Dole juu. Kaka aliinama. Kisha Baba akazitazama zile mbili za shamba. Akaichukua KUUZA, akairudisha. Akaichukua KUTOUZA, akairudisha. Mimi nikadhani amechoka. Akaweka karatasi zote mbili pamoja, na kwa ubavu wa kiganja akapiga katikati, kama anayekata mkate.

Baba mdogo ndiye aliyeelewa. Akasogea akakaa chini mbele ya kaka yake, akamuuliza, "Nusu, kaka? Tuuze ya juu au ya mtoni?" Baba akaonyesha kwa mkono uelekeo wa mlima. Ya juu. Miti ya mtoni aliipanda na Mama.

Kaka amerudi Dar. Amesema atapunguza kidogo anachotuma mpaka nusu ile iuzwe, na tumekubaliana. Mnunuzi wa kwanza alifika wiki hii. Bei aliyoitaja mnunuzi, Baba aliipiga dole chini. Mnunuzi akaongeza, dole chini tena. Kisha Baba akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mnunuzi amekaa kimya anangoja, mpaka akafika kwenye milioni anazozitaka yeye. Mnunuzi ameomba siku chache akajipange.